Kalenda inayosema hivi na kufanya vile

Wewe unayetengeneza tovuti hapa Unguja au Pemba, maktaba hii ya JavaScript (msimbo uliokwisha andikwa, wewe unauchomeka tu kwenye tovuti yako) ya kuchagulia tarehe ipite mbali. Jina lake silitaji, sitaki kuitangaza hata kwa kuilaani.

Nyaraka zake zinasema waziwazi: tarehe anayoichagua mtumiaji hurudi kwa saa za kifaa chake. Nikaamini, nikaiweka kwenye ukurasa wa Bi mmoja mwenye nyumba ya wageni Jambiani. Siku si nyingi simu ikalia: "Mwanangu, dereva jana kashinda uwanja wa ndege na kibao cha majina mkononi, hakushuka mtu. Leo ndio wamefika. Sasa ile nauli nani analipa?"

Mgeni alibonyeza tarehe 10 akiwa kwao Italia. Iliyohifadhiwa ni 9. Nikajaribu hapa Mji Mkongwe, yale yale.

Nikafungua msimbo wenyewe. Kumbe ndani inaunda tarehe ya saa sita usiku kwa saa za kifaa, kisha inaiita toISOString, amri ya kugeuza tarehe kuwa maandishi, na kuchukua herufi kumi za mwanzo tu, yaani mwaka, mwezi na siku. Na toISOString siku zote hutoa UTC, saa ya kimataifa ambayo saa za nchi zote hupimwa kwayo! Sisi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo saa sita yetu ya usiku, kwa UTC ni saa tatu usiku, siku haijageuka. Aliyeko New York hatalijua hili abadan, maana saa sita yake ya usiku kwa UTC ni alfajiri ya siku ile ile.

Nikamwandikia mwenye maktaba, mfano nikampa. Jibu: "Kwangu inafanya kazi." Hoja kaifunga. Hakuuliza hata niko wapi. Wallahi, bora angenitukana.

Haki yake nimpe: kalenda yenyewe nzuri, nyepesi, hata kwenye simu ya bei rahisi inafunguka chapu, tena ya bure. Ndiyo maana sijaiondoa. Natoa tarehe mwenyewe kwa getFullYear, getMonth na getDate, amri zinazosoma mwaka, mwezi na siku kwa saa za kifaa. (Ndiyo, getMonth huihesabu Januari kuwa 0. Kituko, lakini angalau kimeandikwa.) Nilikuwa naelekea kuipa nyota tatu.

Juzi likatoka toleo jipya. Nikakimbilia nyaraka: sentensi ile ile ya "saa za kifaa", safari hii wameikoza wino. Msimbo haujaguswa. Nyota moja, na hiyo ni ya rangi zake tu.