Express na usomaji wa mwili wa ombi: nyota nne kati ya tano

Tathmini hii inahusu sehemu moja tu ya Express, fremuweki ya kujenga seva kwa Node.js (mazingira ya kuendesha JavaScript nje ya kivinjari) ambayo nimeitumia kwa miaka kadhaa, nayo ni namna inavyosoma mwili wa ombi la HTTP, yaani data ambayo fomu ya kivinjari au programu ya simu huituma kwa POST au PUT. Nimeipa nyota nne, na nyota iliyopungua ina sababu yake.

Express haigusi mwili wa ombi mpaka iagizwe. Toleo la 4, lililotoka mwaka 2014, liliuondoa usomaji huo ndani ya fremuweki na kumlazimu msanidi kusakinisha kifurushi cha body-parser. Mwaka 2017 toleo la 4.16 likaurudisha kwa majina ya express.json(), inayosoma JSON (muundo wa maandishi wa kubadilishana data), na express.urlencoded(), inayosoma data ya fomu. Mimi naukubali utaratibu huu, kwa kuwa mwili hufika kama mkondo wa baiti unaosomwa mara moja tu, na mwenye njia (route, yaani anwani moja ya seva) inayopitisha ombi kwenda seva nyingine hufaidika pale mkondo unapobaki haujaguswa.

Kasoro yake kubwa ni ukimya. Niliwahi kupoteza siku nzima kwa sababu mtoa huduma mmoja wa malipo alikuwa akituma JSON iliyo sahihi kabisa, lakini kichwa cha Content-Type, kinachotaja aina ya data, kikisema text/plain (maandishi ya kawaida). Kwa kawaida express.json() huitikia application/json peke yake, kwa hiyo ililipitisha ombi pasipo kosa wala onyo, ikaniachia req.body (mahali Express inapoweka mwili uliosomwa) yenye {} tupu, na hifadhidata yangu ikaanza kupokea malipo yasiyo na kiasi. Anayejaribu seva yake kwa curl -d (amri ya kutuma data kutoka kwenye terminali) bila kutaja kichwa hukutana na jambo lilo hilo, maana curl hutangaza data hiyo kuwa ya fomu.

Toleo la 5, lililotoka mwaka 2024, limepunguza tatizo hili: mwili usiosomwa sasa huwa undefined, yaani hauna thamani yoyote, na msimbo unaotafuta kiasi ndani yake huanguka papo hapo. Wapo wanaolalamika kwamba badiliko hilo limevunja programu zao za zamani. Kwa upande wangu, afadhali programu ianguke asubuhi nikiwa mezani kuliko hesabu zikosewe usiku. Hata hivyo ningependelea jibu la 415 lililo wazi, yaani aina ya data haikubaliki.

Kikomo cha kawaida cha ukubwa wa mwili ni kilobaiti 100, na ombi linalozidi hapo hujibiwa 413, yaani mwili ni mkubwa mno. Picha ya kilobaiti 90 iliyogeuzwa kuwa base64 (maandishi yanayowakilisha baiti) ili itumwe ndani ya JSON hukua kwa theluthi moja na kufika 120, kwa hiyo hukataliwa, na wengi hukimbilia kuandika 50mb kwa seva nzima. Huko ni kujitafutia balaa, kwa sababu mwili wote hukusanywa kwenye kumbukumbu, kisha JSON.parse (kitendakazi cha JavaScript cha kusoma JSON) huufasiri huku maombi mengine yote yakisubiri. Kikomo kikubwa kiwekwe kwenye njia inayokihitaji tu.

Kilichonifurahisha zaidi ni chaguo la verify, ambalo hukabidhi baiti ghafi kabla ya kufasiriwa. Saini ya HMAC (alama inayotengenezwa kwa ufunguo wa siri kuthibitisha kwamba ujumbe haujabadilishwa) ya taarifa za malipo hukokotolewa juu ya baiti zilezile zilizotumwa, na ukiiandika JSON upya kutoka kwenye req.body, nafasi moja tu ikibadilika saini haitalingana.

JSON iliyoharibika hujibiwa 400, yaani ombi lina kosa, jambo ambalo ni sahihi, ila jibu lenyewe ni ukurasa wa HTML, na nje ya mazingira ya production (seva inayotumiwa na wateja halisi) ukurasa huo huonyesha hata njia za mafaili ya seva. Andika kishughulikia makosa chako siku ya kwanza. Mafaili ya multipart, yaani yanayopakiwa kwa fomu, hayashughulikiwi kabisa; kwa hayo natumia kifurushi cha multer.