Projekta na sauti kwa ukumbi mdogo wa sinema: pesa ikae wapi

Kwa ukumbi wa viti 50 hadi 80, muuzaji huanza na swali la 2K au 4K, yaani wingi wa nukta za picha. Hilo liache mwisho. Swali la kwanza ni filamu zitatoka wapi: kwa studio kubwa, zikiwa mpya, au kwa watayarishaji wanaokukabidhi faili zao wenyewe?

Filamu za studio huja kama DCP (kifurushi cha faili za filamu ya sinema) iliyofungwa kwa siri, na hufunguliwa kwa ufunguo uitwao KDM. Ufunguo huo hutengenezwa kwa ajili ya seva (kompyuta inayocheza filamu) moja tu na hufanya kazi kwa siku na saa zilizowekwa. Mashine isiyofuata kanuni za DCI, muungano wa studio kubwa, za mwaka 2005 haitausoma. Kwa hiyo projekta ya ofisini au ya sebuleni, hata iwe na mwanga wa lumeni 8,000, haina kazi hapo. Inafaa klabu ya filamu yenye vibali vyake na faili zilizo wazi, basi. Tena usiamini namba ya kwenye boksi lake: mara nyingi hupimwa katika hali ya mwanga mkali, sura za watu zikiwa na ukijani, na rangi zikirekebishwa sehemu kubwa ya mwanga huo huondoka.

Tukichukulia unataka filamu mpya, majina makubwa ni Barco, Christie na NEC, na yote matatu hutumia chipu za DLP (za vioo vidogo vinavyounda picha) za Texas Instruments. Sony ilitangaza mwaka 2020 kuacha biashara ya projekta za sinema, kwa hiyo ukikutana na iliyotumika kwa bei ya kutupa, ulizia kwanza vipuri na fundi.

Sasa mwanga, ambako ndiko makosa mengi hufanyika. Chukua skrini yenye kimo cha mita 3.24. Filamu ya flati (1.85:1) itachukua upana wa mita 6, ya skopu (2.39:1) mita 7.75. Kiwango cha sinema ni kandela 48 kwa mita ya mraba, katikati ya skrini. Kwa kitambaa cheupe cha kawaida, zidisha eneo kwa 150.8 upate lumeni: flati kama 2,930, skopu kama 3,790. Wengi huishia hapo na kuagiza projekta ya lumeni 4,000. Lakini kwenye skopu chipu ya 2K hutumia mistari 858 kati ya 1,080, na mwanga wa mistari iliyobaki hupotea ndani ya mashine. Tayari unahitaji 4,770. Kioo cha dirisha la chumba cha projekta kisicho na mpako hula asilimia 8 hivi, matundu ya skrini yale ya kupitishia sauti mengine 5: umefika 5,460. Kisha leza inayotoa mwanga huchoka. Ukitaka kiwango kitimie hata ikiwa imebaki na asilimia 80 ya nguvu yake, nunua ya lumeni 7,000.

Lenzi nayo ni hesabu. Kutoka projekta hadi skrini kukiwa na mita 12, skopu inataka uwiano wa umbali kwa upana wa 12 kwa 7.75, yaani 1.55. Flati haijazi chipu yote kwa upana (nukta 1,998 kati ya 2,048), kwa hiyo uwiano wake ni 1.95. Lenzi lazima ifikie namba zote mbili na kubaki na nafasi kidogo, na iwe ya mota yenye kumbukumbu. La sivyo mtu atapanda ngazi kati ya tangazo na filamu.

Leza ya fosfori au taa ya zenoni? Zenoni iliyotumika huonekana rahisi dukani. Maonyesho manne kwa siku ni kama saa 9. Taa ya saa 1,500 itakwisha kabla ya miezi sita. Ni chupa yenye gesi ya shinikizo kubwa hata ikiwa baridi, kwa hiyo huwezi kuibadilisha bila ngao ya uso na glavu nene, na baada ya kuibadilisha lazima uisawazishe upya. Umeme ukikatika ghafla, feni husimama taa ikiwa bado ya moto sana. Leza ya fosfori ya saa 20,000 itakupeleka miaka sita kwa ratiba hiyohiyo kabla ya kushuka nusu. Ubaya wake ni kwamba hufifia polepole mno hata asigundue mtu. Ipime kwa kipima mwanga kila miezi mitatu. Vichujio vya vumbi visafishwe kila mwezi.

Ukiangukia kwenye mashine iliyotumika, kagua betri ya kadi ya seva. Betri hiyo ndiyo inayotunza cheti cha siri. Ikifa, cheti hufutika na kadi inakuwa chuma chakavu mpaka irudi kiwandani, kama kiwanda bado kinaihudumia. Mwambie muuzaji acheze filamu iliyofungwa, kwa KDM halali, mbele yako. Trela iliyo wazi haithibitishi kitu.

Diski za TB 2 zinatosha. DCP ya saa mbili kwa kasi ya juu kabisa, megabiti 250 kwa sekunde, ni GB 225, na nyingi huwa ndogo kuliko hapo.

Na 4K? Walioketi mstari wa mbele wanaweza kuona tofauti, ila filamu nyingi bado husambazwa kwa 2K. Pesa hiyo ipeleke kwenye spika ya kati, kwa sababu karibu maneno yote ya waigizaji hupita hapo.

Sauti ya kila spika ya mbele husawazishwa kwa desibeli 85 kwa mvumo wa majaribio, ule unaosikika kama maji ya bomba, na lazima ibaki nafasi ya desibeli 20 juu yake. Yaani 105 kwenye theluthi mbili ya ukumbi, tuseme mita 8 kutoka skrini. Spika ya honi yenye usikivu wa desibeli 98 kwa wati 1 itahitaji kama wati 320. Spika ya sebuleni ya desibeli 88 itahitaji 3,200, na itaungua kabla haijafika. Ndiyo sababu zile spika nzuri za nyumbani hupasuka sauti wiki ya kwanza. Spika tatu za mbele ziwe za aina moja, nyuma ya skrini yenye matundu, honi zikiwa theluthi mbili ya kimo cha skrini.

Chini yake weka sabufa mbili za inchi 18. Pembeni na nyuma spika nane zinatosha kwa 5.1 (njia tano za sauti na moja ya besi), nne kila upande. Hapa mafundi huharibu: wakiziunga nne za omu 8 zote sambamba, amplifaya huona omu 2 na kujizima katikati ya mapigano. Unga mbilimbili kwa mfululizo, kisha jozi hizo sambamba, urudi kwenye omu 8. 7.1, yenye njia mbili zaidi, katika ukumbi huu husikika vizuri kwenye viti vichache vya katikati tu, iache.

Kitasa cha sauti cha prosesa za Dolby (mashine za kuchakata sauti ya sinema) kina 7.0 kama kiwango. Watazamaji wakilalamika kelele, waendeshaji hushusha hadi 5, karibu desibeli 7 chini, na mazungumzo hupotea. Kabla ya kukigusa, piga kofi moja ukumbini ukiwa mtupu. Ukisikia mlio unarudi kama wa bati, tatizo liko ukutani: weka pamba ya kioo iliyofunikwa kitambaa cheusi nyuma ya spika na kwenye ukuta wa nyuma, kisha sawazisha upya.