Mkebe wa kufyonza unyevu: uzoefu wangu wa masika mawili Moshi

Naishi Rau, na chumba changu cha kufulia zamani kilikuwa stoo. Kina dirisha moja dogo, mashine, mabeseni na kamba tatu za kuanikia. Januari hakina shida. Aprili mvua inashinda na kukesha, nguo zinalala kambani humo ndani, na ukifungua mlango unapokelewa na uvundo. Mwaka jana mwanangu aligoma kuvaa sweta la shule. "Mama, limefuliwa lakini linanuka." Nikalinusa, kweli linanuka. Iliniuma sana.

Nilishapuliza marashi, baada ya saa moja uvundo ukarudi palepale. Nilishafukiza ubani, ambao sebuleni naupenda mno, lakini ulipochanganyika na ukungu ikawa harufu nyingine mbaya zaidi. Ndipo nikanunua mikebe miwili ya kufyonza unyevu kwenye duka la vyombo mjini, shilingi 7,000 kila mmoja.

Juu ya mkebe kuna chembe nyeupe za kalsiamu kloridi, aina ya chumvi inayovuta maji, chini pana nafasi tupu. Chembe zinavuta mvuke wa hewani, zinayeyuka taratibu, maji yanachuruzika chini. Usiku wa kwanza sikuona kitu. Wiki ilipoisha palikuwa na maji ya kina cha vidole viwili, na ukuta wa nyuma ya mashine haukuwa tena na jasho asubuhi. Ila funga dirisha wakati mikebe inafanya kazi. Ukiliacha wazi siku ya mvua, mikebe itakuwa inakausha hewa ya Rau nzima.

Hata hivyo sweta liliendelea kunuka, kwa sababu uvundo wa nguo unatoka kwa bakteria waliobaki kwenye kitambaa. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walimtaja mmoja wao, Moraxella osloensis, anayestawi nguo ikichelewa kukauka. Nilipovuta ule mpira wa mlangoni mwa mashine nikakuta utelezi mweusi umejaa kwenye mkunjo. Niliusugua kwa jiki, nikasuuza vizuri, nikazungusha mashine tupu kwa maji ya moto ya nyuzi 60. Kidroo cha sabuni nilikisafisha kwa siki siku nyingine kabisa. Tafadhali usichanganye jiki na siki, inatoka gesi ya klorini ambayo inaumiza mapafu. Tangu hapo mlango wa mashine nauacha wazi, na sabuni nimepunguza, kwa kuwa ikizidi inabaki kwenye nguo na kuwalisha hao bakteria.

Kasoro ya mkebe ni maji yake. Mmoja ulipinduka, sakafu ikabaki na utelezi kama wa mafuta, na viatu vya ngozi vilivyokuwa karibu vikaharibika. Uweke mahali ambapo mtoto hafiki. Maji hayo mimi namwaga chooni na kusukuma kwa maji mengi, sithubutu kuyamwaga kwenye migomba kwa sababu ya chumvi. Halafu chembe zikishayeyuka zote, unanunua nyingine. Kwangu ni kila baada ya wiki sita hivi wakati wa mvua. Kiangazi naacha pakiti zimefungwa.

Masika ya mwaka huu sweta limevaliwa hadi Mei bila ugomvi. Kipupwe kimeanza, mawingu yameukalia mlima tangu Jumatatu, na nimeshafungua mikebe mingine miwili.