Uzoefu wangu na Audacity: natengenezea vichekesho vya redio chumbani kwangu Mwanza

Mimi ni msikilizaji tu. Sijasomea utangazaji, sina studio, kazi yangu ni fundi simu hapa Mwanza na redio inaongea dukani toka nafungua mpaka nafunga. Kuna kipindi cha asubuhi hapa kwetu kina kona ya vichekesho, wasikilizaji wanatuma vipande vyao vya sauti vinarushwa, na mimi ndo mmoja wa hao wanaotuma. Nina mzee wangu wa kubuni anayeongea Kiswahili chenye Kisukuma ndani, akianza tu "Mwangaluka!", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, majirani wanajua ni yeye. Hela hakuna, hilo ulijue mapema. Malipo yake ni kupanda daladala asubuhi ukakuta dereva kafungulia redio, abiria wanacheka, na hakuna anayejua kwamba mwenye sauti kakaa siti ya nyuma amekumbatia begi la vifaa vya simu.

Sasa kinachofanya hayo yote yawezekane ni programu moja ya kompyuta ya kurekodi na kukata sauti, inaitwa Audacity, na leo nataka niiongelee maana watu wengi wanadhani lazima uwe na studio au ununue programu za bei mbaya. Audacity ni ya bure. Sio bure ya siku kadhaa halafu inakudai kadi ya benki, ni bure kabisa, na msimbo wake uko wazi, yaani yeyote anaweza kuona ilivyotengenezwa. Ilitoka mwaka 2000, ilianzishwa na jamaa wawili, Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg, kwenye chuo cha Carnegie Mellon huko Marekani. Mwaka 2021 ikachukuliwa na kampuni ya Muse Group na kukawa na kelele kweli, sera yao ya faragha iliandikwa kwa namna watu wakasema hii sasa imekuwa ya kutuchunguza, wenyewe wakaomba radhi na kuyaandika upya yale maneno. Mi sikuhama. Naitumia laptopu ikiwa haina intaneti kabisa, bando lenyewe la kuungaunga, watanichunguza kwa njia gani.

Kwa nini nisiediti kwenye simu wakati simu ndo kazi yangu? Kukata kipande na kubandika kwenye simu inawezekana, apu zipo, ila kichekesho cha redio kinataka ukate kwa vipande vidogo sana vya sekunde, na kidole changu kwenye kioo cha simu hakina huo usahihi. Kwenye Audacity unavuta mawimbi ya sauti yanakuwa makubwa mpaka unaona kabisa pale pumzi inapoingia, unachagua kwa mausi, unakata, ukikosea Ctrl+Z mambo yanarudi. Na haina mambo mengi ya kuchosha, ukibonyeza herufi R inarekodi, spesi inacheza na kusimama, basi.

Kurekodi narekodi usiku. Mchana haiwezekani, bati, jogoo wa jirani, bodaboda, mtoto analia, na baa ya pale kona ikishafungua spika ndo habari imeisha. Maiki yangu ni ile ndogo ya kubana kwenye shati, Boya BY-M1, ya waya mrefu wa mita 6, hii imejaa madukani na haikamui mfuko. Tatizo lake inasikia pande zote, kwa hiyo ukirekodi chumba kitupu unasikika kama uko kisimani. Dawa yake ni blanketi. Najifunika mimi na maiki na karatasi yangu, jasho linatoka, Mwanza hii joto unalijua, lakini sauti inatoka imekauka vizuri. Wife alishazoea, zamani alikuwa anakuja kuuliza unaongea na nani humo ndani.

Sasa feni. Feni sizimi, nitakufa. Na hapa ndo Audacity ilinishika moyo. Kuna kitu kinaitwa Noise Reduction. Unaacha sekunde chache mwanzoni bila kuongea, feni peke yake inasikika, baadaye unachagua zile sekunde tu unaiambia programu hii ndo kelele, ijue. Halafu unachagua sauti yote unairudia ile efekti mara ya pili, inaiondoa feni popote ilipo hata chini ya maneno. Kiasi cha kupunguza kelele mi naweka desibeli 12 au napunguza kidogo. Ukiwa na tamaa ukapandisha mpaka 30 hivi, sauti inaanza kulia vikengele kengele chini ya maneno, mzee wangu anakuwa roboti. Pia haitoi kila kitu, ujue. Inatoa kelele ya namna moja isiyobadilika, feni, friji, mvumo wa umeme. Jogoo hatoki. Jogoo akiwika unarudia kurekodi, hakuna ujanja.

Lakini yote hayo ni usafi tu, kichekesho chenyewe kiko kwenye kukata na hapa naomba nikae kidogo maana ndo nilichojifunza cha maana zaidi ya efekti zote. Nina kipande kimoja cha mzee kapanda daladala Buzuruga na kuku wake. Konda anamwambia, "Mzee, kuku wako naye analipa nauli." Kimya. Mzee anajibu taratibu, "Sawa. Muulize anashukia wapi." Halafu kuku analia, kok kok. Kimeisha. Ni sekunde chache sana, lakini ule ukimya kati ya konda na mzee nilihangaika nao usiku mzima. Nilivyorekodi ulikuwa mrefu, karibu sekunde mbili, ukisikiliza unahisi mzee kasahau maneno. Nikakata ukawa mfupi sana, sasa mzee akawa anajibu kama alikuwa kaliandaa jibu toka nyumbani, haichekeshi. Mwisho nikauacha kwenye sekunde moja na kitu hivi, ule muda wa mtu mzima anayemwangalia konda, anamwangalia kuku, ndo anaongea. Maneno ni yaleyale, sauti ileile, nilichobadilisha ni nusu sekunde na sasa watu wanacheka.

Na kuna jambo lingine hapo. Ule ukimya ukiuacha mtupu kabisa, redioni unasikika kama mitambo imekatika, mtu ananyoosha mkono kugusa redio. Kwa hiyo chini ya maneno naweka treki ya pili, yaani mstari mwingine wa sauti unaocheza pamoja na ule wa kwanza, muungurumo wa daladala niliourekodi mwenyewe kwa simu nikiwa njiani kwenda Igoma, unaendelea tu hata watu wakinyamaza. Ndo maana nacheka nikifikiria, natoa jasho kuisafisha sauti isiwe na kelele hata chembe halafu naichukua kelele nyingine naiweka. Ila tofauti ni kwamba hii ya pili naitawala, naishusha, naipandisha, naizima konda akigonga bodi. Kuna efekti ya Auto Duck inashusha muungurumo yenyewe kila mtu akiongea, ila sharti treki ya sauti ya mtu iwe chini ya ile ya muungurumo, ukizipanga kinyume inakugomea.

Kwa hiyo nakuonya juu ya efekti moja inaitwa Truncate Silence. Inatafuta ukimya wote na kuufupisha kwa mkupuo mmoja. Kwa mtu wa mahojiano au mawaidha nadhani ni nzuri, inaokoa muda. Kwa kichekesho ni sumu, inanyoa zile sekunde zote ambazo ndo zenye kuchekesha.

Sauti za wahusika. Wote ni mimi, konda mimi, mzee mimi, mke wa mzee mimi pia. Ipo Change Pitch, inapandisha au kushusha sauti bila kubadilisha mwendo wa maneno. Ukiipandisha sana unapata sauti ya katuni, watoto wanapenda lakini inachosha haraka na kila anayeanza anaitumia hivyo hivyo, unaisikia redioni unajua huyu kadaunlodi programu jana. Mi naipandisha kidogo sana kwa mke wa mzee, nyingine naifanya kwa mdomo, maana lafudhi haitoki kwenye kompyuta. Wazee wetu walicheka na Pwagu na Pwaguzi pale Radio Tanzania na hakukuwa na laptopu yoyote, sauti za watu tu na namna ya kujibizana.

Ila efekti moja naisifia bila aibu, ile ya sauti ya simu. Kwenye Filter Curve EQ, efekti ya kupunguza au kuongeza besi na sauti nyembamba, kuna mipangilio imeshaandaliwa tayari, mmoja unaitwa Telephone, ukiupitisha kwenye sauti ya mhusika mmoja basi huyo anasikika yuko upande wa pili wa simu, sauti nyembamba haina besi. Kwa sisi wa redio hii ni dhahabu kwa sababu msikilizaji haoni, na bila hiyo watu wawili wakiongea hajui kama wako chumba kimoja au la. Ukiweka na mlio wa simu mwanzoni huna haja ya kumtamkisha mtu "ngoja nimpigie fulani". Kuna nyingine ya Walkie-talkie, hiyo nilimpa mlinzi wa geti.

Milio mingine narekodi mwenyewe, mlango, sufuria, soko la samaki la mwaloni Kirumba asubuhi wauza dagaa wanavyoitana, hiyo mpaka leo naitumia. Nikikosa naingia Freesound, mtandao wa milio wa chuo cha Pompeu Fabra cha Barcelona, unajisajili unadaunlodi bure, ila soma leseni ya kila mlio maana mingine wanataka utaje mwenye nao na mingine hairuhusiwi kwa biashara. Nyimbo za watu siweki. Prodyuza alishasema waziwazi muziki wataweka wao, mimi nilete maneno.

Sasa mabaya yake, maana yapo. Sura yake ni ya kizamani, menyu zimejaa majina ya Kiingereza cha mafundi mitambo na anayeanza ataogopa. Toleo la simu hakuna, lazima kompyuta. Ukirekodi kwa simu likatoka faili la m4a, kwenye Windows halifunguki mpaka uiongezee kitu kinaitwa FFmpeg, na programu haikuambii hili vizuri, inakupa ujumbe mrefu tu, wateja wangu wawili waliishia hapo wakaifuta. Halafu inakula nafasi. Kazi inayoendelea inasevu kama faili la aup3, na kwa mpangilio wake wa kawaida dakika moja ya treki moja tu ni kama MB 10, sa ukiwa na treki sita na umerudiarudia, laptopu ya mtumba yenye diski ndogo inalia. Na hiyo aup3 sio ya kumtumia mtu. Kuna mwenzetu alituma hiyo redioni, kule wakaona faili hawalielewi, likapita. Lazima uekspoti upate MP3 au WAV.

Kabla ya kuekspoti napitisha Compressor kidogo ili mzee akinong'ona asipotee na konda akipiga kelele asipasue spika, halafu nasikiliza kwa kispika cha simu, sio hedifoni. Wasikilizaji wetu wengi wako kwenye kiredio kidogo cha jikoni au kwenye gari lenye injini inayounguruma. Neno la mwisho likizama kwenye kispika cha simu ujue litazama na kule.

Kutuma ni WhatsApp, lakini usitume kama voice note wala usiicheze ukairekodi upya, inabanwa sana inatoka imechuja. Tuma kama dokumenti, inafika ilivyo. Andika jina la kipande na urefu wake kwenye jina la faili, hao watu wa studio wanapokea mafaili mengi yanayoitwa "audio" na namba. Chini ya dakika moja, hicho ni kipimo cha kipindi chetu, na tusi hapana, ya siasa hapana, ya kudhalilisha kabila au dini hapana. Redio zetu huku Bara ziko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kuna Kamati ya Maudhui inayoita vituo kujieleza, prodyuza hawezi kuhatarisha kituo kwa kichekesho chako. Mzee wangu ni Msukuma na mimi ni Msukuma lakini yeye ndo mwerevu kila mara, konda ndo anayebaki mdomo wazi, na nadhani hiyo ndo sababu hakuna aliyewahi kulalamika.

Kuna redio moja sitaitaja nilishawahi kuwatumia, wakarusha, na mtangazaji akasema kimetengenezwa na timu yao. Iliniuma. Toka hapo mzee anajitaja jina na mtaa ndani ya kipande chenyewe, katikati ya sentensi, sio mwanzo wala mwisho ambapo ni rahisi kukata.

Kwa ujumla Audacity naipa nyota nne kati ya tano, moja nimeichomoa kwa ajili ya ile m4a na ya kutokuwepo kwenye simu. Kama una laptopu hata ya zamani na una mtu kichwani anayeongea, daunlodi kwenye tovuti yao wenyewe, audacityteam.org, sio kwenye hizi za kuokoteza zenye matangazo, nimeshafuta virusi vya kutosha kwenye mashine za watu.