Pawa saplai ya shilingi 35,000: itaponya kompyuta inayozima yenyewe?

Karibuni tena. Leo mezani nina hii pawa saplai mpya, yaani kile kisanduku cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme, shilingi 35,000, boksi jeusi. Zunguka maduka ya Mwanjelwa, hapa Mbeya, useme tu "kompyuta yangu inazima yenyewe", utaoneshwa hii kabla hujamaliza sentensi. Jina la chapa sitalitaja. Boksi lina maandishi makubwa, 500W, na hayo ndiyo ninayotaka tuyachambue.

Ila kwanza, hela ibaki mfukoni. Jiulize mashine inazima vipi. Kama inakuandikia kabisa kwamba inafunga, ndipo inazima, hapo ni Windows imeamriwa, pengine na masasisho; pawa saplai haihusiki. Tunayoizungumzia leo ni ile ya kukatika pu! Skrini nyeusi, feni kimya, barua ya mteja imepotea.

Ikiwaka tena, wengi wanafungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, na kukuta tukio la Kernel-Power, namba 41. Mafundi wengine wanamwonesha mteja hiyo 41 kana kwamba ni cheti cha kifo cha pawa saplai. Jamani, 41 inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa inavyotakiwa. Ukichomoa waya ukutani mwenyewe utaipata hiyohiyo. Nani kaizima, haisemi.

Halafu kuna hili la kwetu: "Mbeya baridi, mashine haiwezi kuchemka." Inachemka vizuri tu. Tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo kuliko ya Dar. Ongeza vumbi la kiangazi, Agosti mpaka Oktoba, barabara za mitaani zote nyekundu. Na kama duka lako limepakana na mashine ya kusaga, ndiyo kabisa: unga unaingia kwenye hitisinki, ile chuma yenye mapezi inayopoza prosesa, unashika unyevu, unaganda. Nimewahi kuutoa kwa kijiti cha meno.

Kwa hiyo fungua ubavu, safisha kwa burashi laini na blowa, ukiishika feni kwa kidole isizunguke ovyo. Themo pesti, ule uji unaopakwa kati ya prosesa na hitisinki, ikiwa imekauka na kupasuka kama tope la mtoni, futa, weka mpya kidogo. Kisha ingia BIOS, ile skrini ya mipangilio kabla ya Windows kuwaka, usome joto la prosesa. Prosesa nyingi za Intel zinaanza kujipunguza kasi zikikaribia nyuzi 100, zikizidi hapo mashine inajikata ili isiungue. Dalili yake ni kwamba inazima ukiipa kazi nzito, na ukiiwasha papo hapo inazima tena, ila ikipumzika inakubali.

Pawa saplai ina tabia nyingine. Mara nyingi inazima hata ukiwa umekaa tu kwenye BIOS, au inagoma kuwaka mpaka uchomoe waya ukutani, usubiri, urudishe. Hapo ulinzi wake wa ndani umejifunga.

Mashine ya leo ni desktop ya mtumba, i5 ya kizazi cha nne, ya mama mmoja mwenye steshenari Uyole. Tumeisafisha, joto liko kwenye nyuzi sitini na kitu, na bado inazima. Basi tupime. Sogeza kamera hapa. Multimita iko kwenye volti za DC, waya mweusi wa mita kwenye mweusi wa plagi, mwekundu kwenye ule wa njano. Njano ni volti 12. Inaruhusiwa kushuka mpaka 11.4 na kupanda mpaka 12.6. Mashine imetulia: 11.8. Sasa naipa kazi, nafungua video mbili na programu ya kujaribu prosesa… umeona? 11.5, 11.3, 11.2, pu! Mwizi kapatikana. Na ukichungulia kwenye matundu, kapasita mbili, vile vimkebe vinavyotunza umeme, zimevimba kichwani.

Basi tufunge mpya. Kwanza, nyuma yake ina swichi ndogo nyekundu ya kuchagua volti. Lazima isomeke 230. Ikiwa kwenye 115 halafu uichomeke kwenye umeme wetu, utasikia mlio na harufu, na dukani hawakupokei.

Sasa lebo. Boksi linasema 500W. Lebo ya pembeni, maandishi madogo haya: waya wa njano, ampea 16. Kumi na mbili mara 16 ni wati 192. Mwekundu, volti 5 kwa ampea 20, wati 100. Wa chungwa, 3.3 kwa 20, wati 66. Jumla 358, na hapo ni kama zote zingetoa kilele kwa pamoja. Mia tano iko wapi? Na kwenye kompyuta za siku hizi mzigo mkubwa uko kwenye njano, kwa hiyo namba ya kuishika ni ile 192. Ukinunua kwa kusoma boksi umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Je, ni mbaya? Kwa mashine ya mama, hapana. Desktop ya ofisi isiyo na kadi ya picha, nyingi hazifiki wati 150 hata zikikazwa. Nimeipa kazi ileile na njano imesimama 11.9. Feni ina kelele kidogo, waya ni mfupi, lakini inafanya kazi. Nilipoweka kadi ya picha yenye plagi yake ya umeme, ilishuka hadi 11.4 palepale mpakani, nikaitoa. Vijana wa magemu, hii si yenu. Ongezeni hela mchukue yenye alama ya 80 Plus, ya kuthibitisha haipotezi umeme mwingi, na ampea za kueleweka kwenye njano.

Sasa sikiliza kituko. Mama kaenda na mashine, jioni kapiga simu: "Mwanangu, imezima tena." Nikamuuliza, ilizima wakati wa nini? "Nikiprinti." Nimefika dukani, printa ya leza imechomekwa kwenye UPS, kile kifaa cha betri cha kushikilia umeme ukikatika, ya 650VA, pamoja na kompyuta. UPS ya namna hiyo inatoa wati mia tatu na kitu. Leza ikipasha roli yake inaweza kuvuta zaidi ya wati 800 kwa mkupuo. UPS inalia, inakata, kila kitu kinazima, na lawama zinaangukia pawa saplai. Printa tumeihamishia ukutani, na kompyuta na skrini zimebaki kwenye UPS.

Pawa saplai ya zamani msiifungue nyumbani. Kapasita kubwa ya ndani inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa. Na wenye desktop za kasha jembamba, kabla ya kununua hii, hesabuni pini za plagi kubwa ya umeme kwenye madabodi, ile bodi kuu ya ndani. Zikiwa 24 na kasha lina nafasi, sawa. Zikiwa 6 au 8, haitaingia. Niandikieni modeli hapo chini niwaambie mtafute ipi.