Mikanda ya racheti niliyonunua Mtwara mjini, hii nimeikubali

Wadau wa mizigo huku kusini naleta mrejesho wa mikanda ya racheti (ya kufungia mzigo, yenye kikazio cha meno) niliyochukua kwenye duka moja la vifaa vya malori hapa Mtwara mjini, minne kwa laki na ishirini, ile mipana ya sentimita 5. Nilikua napeleka jenereta la kilo 1200 Masasi kwa Canter. Mwaka jana nilinunua kwingine ya bei chee haina hata lebo, meno ya racheti yakakatika kabla hatujafika Mikindani, nusura tuumie, kwahiyo safari hii niliingia dukani na maswali yangu.

Muuzaji ni kijana tu ila anajua kazi yake aisee. Nimeona kwenye lebo ya bluu LC (uwezo wa mkanda ukivutwa moja kwa moja) 2500 daN, daN moja ni kama kilo moja, nikamwambia basi mmoja unatosha, si unavuta tani mbili na nusu? Akasema hapana kaka, hiyo ni kama unauvuta moja kwa moja, wewe unaupitisha juu ya mzigo kwahiyo soma hapa kwenye STF, 300, yaani ukikaza kwa mkono unapata kama kilo 300 kila upande, jumla 600 za kukandamiza mzigo chini, na hapo mkanda uwe umesimama wima, ukilala zinapungua. Kinachozuia mzigo usiende mbele ni msuguano wa chini.

Akachana boksi akaanza kupiga hesabu. Kwa breki kali mzigo unahesabiwa unasukuma mbele kwa 0.8 ya uzito wake, kwahiyo jenereta langu linasukuma kilo 960. Mbao iliyo chini ya jenereta juu ya bodi ya chuma tuchukue msuguano 0.3, uzito wenyewe unashika 360, zinabaki 600 za kushikwa na mikanda. Kila mkanda ni 600 mara 0.3, unapata 180, kwahiyo mitatu haitoshi, minne. Halafu akanitolea raba nene za kuweka chini ya mzigo, zile zinazotengenezwa kwa kazi hiyo, zikiwa safi na kavu zinafika 0.6, hapo uzito peke yake unashika 720 na mkanda mmoja unamaliza hesabu! Nilichukua raba na mikanda yote minne, roho yangu itulie.

Karibu na Mtama mbuzi wakaingia barabarani, tuko 60, dereva akakanyaga breki zote. Nilishuka nikapima alama za matairi kwa hatua, mita kama 28. Gawa 60 kwa 3.6 upate mita 16.7 kwa sekunde, zidisha kwa yenyewe, gawa kwa mara mbili ya hizo mita, inakuja kama 5, na mvutano wa dunia ni kama 10, kwahiyo ni nusu ya uzito, kwahiyo jenereta lilisukuma kwa kilo kama 600 kuelekea kabini tulikokaa watu watatu. Utingo alikua amechora mstari wa chaki kwenye bodi pembeni ya mbao wakati tunapakia. Mbao ilikua bado imegusa chaki. Nilishukuru Mungu pale pale.

Ila msielewe vibaya, hii ni ya breki. Kwa spidi hiyo hiyo ukigonga kitu ukasimama ndani ya mita moja inakuja mara 14 ya uzito, jenereta hilo linakua kama tani 17, hakuna mkanda wa kulizuia, kwahiyo madereva wetu wa usiku mpunguze mwendo jamani.

Kasoro zipo. Hawauzi kinga za kona, ilibidi nikate mpira wa tairi niweke pale mkanda unapopinda kwenye chuma. Na mikanda ililegea mapema, tulisimama Mingoyo kukaza upya, mmoja racheti ilizunguka meno matatu mazima. Ijumaa mchana wanafunga, wahini asubuhi.