Lenzi ndogo za zamani kwa renjifainda ya filamu: nilivyozipanga, ya kwanza hadi ya mwisho

Kamera ya renjifainda haikuonyeshi kinachoonwa na lenzi. Unachungulia kwenye kidirisha cha pembeni, unaoanisha taswira mbili mpaka ziwe moja, unabonyeza. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza mkanda mzima wa picha 36 kifuniko kikiwa bado kimeziba lenzi. Nimewahi, tena kwenye arusi ya binamu yangu, na habari hiyo tuiache hapo hapo. Ndiyo maana pia ukubwa wa lenzi una uzito wake hapa: lenzi nene inaingia ndani ya kidirisha na kukuziba kona ya chini, pale pale ambapo mtoto amesimama. Lenzi fupi haizibi kitu, na kamera inaingia kwenye mkoba wa kawaida kama kitabu.

Kabla ya majina, niseme jambo ambalo wauzaji hawapendi lisemwe. Watu wanalipa pesa nyingi kwa lenzi ya f/1.4 au f/2, yaani yenye tundu kubwa la kuingiza mwanga (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Sisi tunaopiga mchana kwenye jua la Pwani tunaifanyia nini? Kwa filamu ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kushika mwanga), jua la saa sita linataka f/16 na kasi ya 1/500 ya sekunde. Lenzi inayoanzia f/3.5 hapo imelala usingizi. Utaihitaji f/2 magharibi ikikaribia, au ndani ya nyumba. Kwa hiyo mimi nanunua kioo kisafi kwanza, udogo pili, na ukubwa wa tundu mwisho.

Jambo lingine ni mdomo wa kamera yako, pale lenzi inapofungwa. Lenzi nyingi ndogo za zamani zina thredi za milimita 39, zile za Leica za mwanzo, ambazo Canon wa Japani na viwanda vya Kisovieti wakazifuata. Mwaka 1954 Leica M3 ikaja na mdomo wa M, wa kuzungusha na kubana. Lenzi ya thredi inakaa kwenye mwili wa M kwa adapta nyembamba isiyo na kioo. Kinyume chake hakuna: lenzi ya M haiingii kwenye kamera ya thredi. Ukinunua ya thredi, umenunua ya kamera zote mbili. Halafu angalia fremu zilizomo kidirishani, ile mistari inayoonyesha picha itaishia wapi kwa kila lenzi; milimita zikiwa chache, lenzi inaona eneo pana zaidi. M3 ina za milimita 50, 90 na 135 tu, haina ya 35. Canon P inazo za 35, 50 na 100, zote zinaonekana kwa pamoja, na macho huchukua siku mbili tatu kuzizoea.

Haya, tupange.

Ya kwanza: Canon milimita 35 f/2, ya thredi

Ni ya miaka ya 1960, uzito wake unazidi gramu 100 kidogo tu, na urefu wake ni wa kukaa kwenye kiganja ukafunga ngumi. Naiweka juu kwa sababu nyingi nilizozishika zilikuwa na kioo kisafi, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu ndugu zake. Hiyo f/2 ichukulie kama nyongeza. Kasoro zake ni mbili: haisogei karibu kuliko mita 1, na filta yake ni ya milimita 40, saizi ya ajabu ambayo duka la kawaida halina. Bei nayo imepanda, maana siri ilishatoka.

Kwa nini 35 na si 50? Weka lenzi ya 35 kwenye f/8, lenga mita 3. Kila kitu kuanzia karibu mita 2 hadi mita 7 kinatoka vizuri. Fanya hivyo hivyo kwa 50: unapata kama mita 2.3 hadi 4.2. Sokoni au kituo cha daladala huna nafasi ya kuoanisha taswira; mtu ameshageuka, tabasamu limekwisha. Kwa 35 unainua tu na kubonyeza.

Ya pili: Summicron-C au M-Rokkor, milimita 40 f/2

Hizi zilizaliwa na Leica CL, kamera ndogo ya mwaka 1973 iliyotengenezwa Japani na Minolta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Minolta wakatoa CLE, na M-Rokkor ikaendelea nayo. Kwa picha inazotoa, ningeziweka za kwanza bila kusita. Zimeshuka kwa sababu ya mambo madogo madogo. Ni za mdomo wa M tu. Ukiivalisha mwili wa kawaida wa Leica M, kidirisha kinakuletea fremu ya 50, kwa hiyo utapata zaidi ya ulichokiona. Wapo wanaopunguza chuma kwa tupa mpaka fremu ya 35 ijitokeze, nami sikushauri uwe fundi siku ya kwanza. Kofia ya mpira ya Summicron-C ikishazeeka hupasuka. Wala usitishwe sana na ile kauli ya Leitz, watengenezaji wa Leica, kwamba Summicron-C ni ya CL peke yake: wengi wanaitumia kwenye M na ulengaji wao uko sawa. Ijaribu tu kwanza.

Ya tatu: Summaron milimita 35

Ipo ya f/3.5 na ipo ya f/2.8 iliyoanza 1958. Ya f/2.8 ni bora na ghali. Ya f/3.5 inatosha, ila ina sifa ya kushika utando mweupe ndani. Jihadhari na zile zenye “miwani” mbele yake: zilitengenezwa ili M3 isiyo na fremu ya 35 iweze kuzitumia. Kwenye M3 ni dawa. Kwingine ni mzigo, na ule udogo tulioufuata umepotea.

Ya nne: Elmar milimita 50 f/3.5

Lenzi ya kizee kuliko zote hapa, vioo vinne, kazi ya Max Berek kwa ajili ya Leica za kwanza kabisa. Unaivuta nje, unaizungusha kidogo hadi ijifunge, unapiga, kisha unaizamisha tena. Ikiwa imezama, kamera inaingia mfuko wa shati. Ukisahau kuivuta, mkanda wote unatoka ukungu mtupu, na kidirisha hakitakuonya. Tundu linabadilishwa kwa kijino kidogo kilicho usoni mwa lenzi, karibu sana na kioo, kwa hiyo alama za vidole ni za kila siku. Zile za mapema zina namba za kizamani: 6.3, 9, 12.5. Usihangaike, 9 ihesabu kama 8. Za kabla ya vita hazina koti la kuzuia mng'ao, ukielekea jua picha inafifia. Wengine wanaupenda ufifiaji huo. Mimi sipendi.

Elmar ndiyo inayogushiwa zaidi. Wapo wanaochukua lenzi ya Kisovieti na kuichonga jina la Elmar, kama wanavyochukua kamera ya Kisovieti ya FED au Zorki na kuipaka dhahabu iitwe Leica. Chungulia kwa mbele huku ukifunga tundu: kwenye Elmar halisi mabawa ya tundu yako nyuma tu ya kioo cha kwanza. Kwenye Industar, ile ya Kisovieti, yako ndani zaidi, nyuma ya kioo cha pili.

Ya tano: Industar-22, milimita 50 f/3.5

Ya tano kwa heshima, si kwa thamani ya pesa. Bei ya Summicron-C moja itakununulia hizi zaidi ya kumi. Inazama kama Elmar, na kwenye f/8 picha ikichapwa ukubwa wa postikadi sidhani utanitajia ipi ni ipi. Tatizo ni grisi: imeganda mpaka kulenga ni kama kufungua chupa ya asali ya mwaka juzi. Na vipimo vya ulengaji vya Kisovieti havilingani sawasawa na vya Leica, kwa hiyo ukiwa karibu na tundu likiwa wazi, jicho ulilolilenga linaweza kuponyoka. Simama mita 3 na f/5.6, utasahau kwamba kuna tatizo. Kama hujawahi kumiliki renjifainda, anzia hapa.

Ninazoziruka: Jupiter-12 ya 35, ya Kisovieti, kwa sababu kioo chake cha nyuma kimetokeza sana na kwenye Leica CL na M5 kinagombana na mkono wa kupimia mwanga, na Canon 50 f/1.8, ambayo huharibika ndani, nyuma ya tundu, mara nyingi kwa utando usiofutika.

Hiyo ya mwisho naijua kwa mfuko wangu. Niliinunua kwa mtu aliyeandika “kioo safi kabisa”, na kwa mwanga wa dirishani kweli ilikuwa safi. Mkanda wa kwanza nikaupiga Forodhani jioni, wavulana wanaruka baharini, jua liko nyuma yao. Ulipotoka kusafishwa, kila picha ilikuwa kama imepigwa kupitia chandarua. Ndipo nikawasha tochi ya simu, nikafungua tundu lote, nikailaza tochi pembeni nyuma ya lenzi badala ya kuiweka moja kwa moja. Kioo kikawaka cheupe kama maziwa yaliyotiwa maji.

Kwa hiyo muombe muuzaji picha hiyo hiyo, ya tochi, kabla ya kutuma hata senti. Mikwaruzo midogo mbele haina neno. Vumbi halina neno. Mafuta kwenye mabawa ya tundu hayana neno sana, maana unalisogeza kwa mkono. Vinyuzi vyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, na hapo unarudi nyuma, hata kwa bei ya bure, kwa sababu kuvu likiisha kula koti la kioo, fundi atasafisha kuvu lakini koti halirudi.

Ikifika, lenga chombo kilicho mbali baharini. Taswira mbili ziungane lenzi ikiwa imefika mwisho wa kuzunguka. Kisha pima mita 1 kwa futi ya fundi cherehani na ulenge hapo. Kama kamera yako inafunguka mgongo, kama Canon P, tandaza selotepu isiyong'aa kwenye reli za filamu, shikilia shata wazi kwa B, ile alama inayoliacha wazi muda unaoshikilia kitufe, na utaiona picha yenyewe imesimama kichwa chini.

Kwa unyevu wa Zanzibar, Mombasa au Dar, usiihifadhi kwenye ule mkoba wake mzuri wa ngozi. Ngozi inavuta maji na kuvu linaipenda. Mimi natumia kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, la kutunzia vyakula, na vile vipakiti vya chembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mke wangu alilitafuta kopo lake mwezi mzima.